Je, Yafaa Hamali Kudai Fidia ya Mgongo Wake?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika misikiti ya pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, hakosi kuonekana mtu ambaye safu ikisimama yeye hukaa. Hakuzeeka. Miaka michache nyuma alikuwa akipanda ubao wa jahazi na gunia begani kama mtu aendaye matembezi, na leo akirukuu hawezi kuinuka ila kwa kushikwa mkono. Akiulizwa sababu hutaja gati, au ghala, au lori la saruji, na siku maalumu aliyosikia pingili za mgongo zikilia. Sharia imemfanyia wepesi katika sala yake, kwani Mtume (S.A.W.) alimruhusu Imran bin Huswain (R.A.), aliyekuwa mgonjwa, kusali kwa kukaa pindi asipoweza kusimama. Lakini watoto wake hawashibi kwa ruhusa hiyo, wala mwenye nyumba haachi kudai kodi kwa sababu mpangaji ana maradhi. Hapo ndipo lilipozaliwa suali liulizwalo barazani baada ya sala ya Isha, na kila mtu hulijibu kwa apendavyo: je, yafaa kwa Muislamu huyu kumdai bwana wake wa kazi fidia ya mgongo, ilhali bwana hakumpiga wala hakumsukuma?

Mas'ala haya si madogo, wala hayawakhusu mahamali peke yao. Hesabu za watu wa tiba zilizotolewa kwa mwaka 2020 zimeonyesha kwamba watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na hakuna maradhi mengine yanayowaketisha watu wengi zaidi kuliko hayo. Pwani hii imeishi kwa migongo. Karafuu za Unguja na Pemba, pembe za ndovu, mikoko ya Lamu, katani ya Tanga, yote yalipanda na kushuka vyomboni juu ya mabega ya watu kabla ya kuja winchi, na baada ya kuja winchi pia. Mahamali na makuli waligoma Mombasa Januari ya 1947 na Unguja katika mwaka 1948 kwa ajili ya ujira na ughali wa maisha, na khabari hizo zimeandikwa vitabuni. Khabari za migongo iliyovunjika katika miaka hiyo na kabla yake ni chache mno kuandikwa. Ziko kwa wajukuu.

Na waanze kujibiwa wale wasemao kuwa kudai fidia ni kutoridhika na kadari ya Mwenyezi Mungu. Maneno haya yana sura ya dini, na ndani yake hamna dini. Lau kadari ingaliondoa haki, isingalikuwako diya hata moja katika Uislamu, kwani kila aliyeuawa kwa kukosewa ameuawa kwa kadari, na juu ya hivyo Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Nisaa diya ipelekwe kwa watu wake. Mwizi naye huiba kwa kadari, wala hajaonekana tajiri aliyemwachia kwa sababu hiyo. Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, akaamua kurejea na watu wake, na Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jawabu yake ilikuwa kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari yake vile vile. Basi maradhi ni kadari, na dawa ni kadari, na haki anayolipwa mgonjwa nayo ni kadari. Nabii Yaakub (A.S.) ndiye mfano wa subira, na hakumshitakia huzuni yake ila Mola wake, wallakini aliwatuma wanawe wende wakamtafute Yusuf na ndugu yake. Subira haikumfunga miguu. Na la kustaajabisha ni kuwa maneno haya ya kadari hutoka sana vinywani mwa wenye maghala, ambao ghala ikiungua hawangoji jua kuchwa kabla ya kupeleka barua kwa watu wa bima.

Hujja yenye uzito ni nyingine, na yastahiki kutazamwa kwa insafu, kwani haikutoka kwa wapuuzi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) ameifanya jaraha ya mnyama kuwa haina dhamana, na kisima hakina dhamana, na machimbo ya madini hayana dhamana. Wanavyuoni wakafasiri, na miongoni mwao Imamu Nawawi katika sharhe yake ya Muslim, kwamba mtu akiajiri wachimbaji katika kisima chake au machimbo yake, kisha yakawaangukia wakafa, hakuna dhamana juu yake. Basi husema mwenye hujja hii: ikiwa aliyefukiwa na kisima hana kitu, vipi atakuwa na kitu aliyeteguka kiuno kwa gunia? Na fidia aliyoichukua itakuwa ni kula mali ya mtu kwa batili.

Asemaye hivi amesoma, lakini amesoma mlango mmoja akaacha mingine. Hadithi hiyo imeondoa dhamana kwa mtu ambaye hakupita mpaka. Amechimba katika ardhi yake, akaajiri mtu mzima mwenye akili, akamwonyesha kazi ilivyo, na mwenye kuajiriwa akaingia kwa kujua. Haikumwondolea dhamana aliyeficha ufa uliokuwa kisimani, wala aliyempa mchimbaji kamba iliyooza akamwambia ni nzima. Na katika kazi za kuchukua mizigo kupita mpaka ni kwingi kuliko watu wanavyodhani.

Imamu Nawawi amelitaja katika Minhaji, katika mlango wa ijara, jambo ambalo kila mwenye ghala angefaa alisome. Mtu akikodi mnyama achukue ratili 100, akamtwika ratili 110, yamlazimu ujira wa mithili wa zile 10 zilizozidi. Na mnyama akifa kwa sababu hiyo atamdhamini, ikiwa mwenyewe hakuwa pamoja naye. Na mwenyewe akiwapo, atadhamini fungu la kile kilichozidi. Kisha akaongeza sura iliyo karibu zaidi na ya hamali: mkodi akimkabidhi mwenye mnyama mzigo wa 110, naye akautwika bila ya kujua kuwa umezidi, dhamana ni juu ya mkodi katika kauli ya kutegemewa ya madhhabi. Haya yamesemwa juu ya ngamia na punda. Mwanaadamu ambaye Mwenyezi Mungu amemtukuza hatakuwa duni kuliko punda.

Basi na watazame watu magunia. Mfuko wa saruji ni kilo 50, umeandikwa ubavuni, na anayeuinua anajua anachoinua. Lakini gunia la viazi au la mahindi au la makaa lililojazwa mpaka juu, likaongezewa kilemba, likashonwa kwa kamba, yaani lumbesa, nani aliyelipima? Sheria za vipimo za Kenya na za Tanzania zimeikataza lumbesa, na wakulima ndio waliopigiwa kelele hizo, kwa kuwa wao hudhulumiwa bei. Dhulma ya pili imesahauliwa, nayo ni ya yule alipwaye kwa gunia moja ujira ule ule, likiwa na kilo 90 au likiwa na 140. Mwaka 1967 wakutanao Geneva katika Shirika la Kazi la ulimwengu walipendekeza kwamba mwanamume mzima asichukuzwe kwa mikono zaidi ya kilo 55, na pale inapochukuzwa zaidi, wafanye haraka kuipunguza mpaka hapo. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado yako maghala ambamo kilo 100 huhesabiwa kuwa gunia la kawaida. Mtume (S.A.W.) amekwisha kukataza kuwabebesha walio chini ya mikono ya watu kazi isiyowezekana, na akaamrisha kuwa wakibebeshwa wasaidiwe, kama ilivyopokewa na Abu Dharri (R.A.). Na yule mzee wa Madyan, alipomwajiri Musa (A.S.) kwa miaka minane, alitanguliza kumwambia kuwa hataki kumtaabisha. Neno hilo alilisema katika kufunga mapatano yenyewe, kabla kazi haijaanza.

Huenda akasema mtu: hamali alilijua gunia kuwa limezidi, akalitazama, akalibeba kwa ridhaa yake, na aliyejitia mwenyewe hana wa kumdai. Katika hukumu ya kadhi neno hili lina nguvu, na si haki kulificha, kwani haja ya unga wa leo haihesabiwi katika fiqhi kuwa ni kulazimishwa. Lakini hukumu ya kadhi ni moja, na hesabu baina ya mja na Mola wake ni nyingine. Nyapara ajuaye kuwa mlangoni wamesimama watu 40 wanaotafuta kazi ya watu 10, akamwambia hamali abebe au ampishe mwingine, dhamana yaweza kumwepuka duniani, na dhambi isimwepuke.

Hayo ni katika mtu aliyepita mpaka. Imebaki sura iliyo ngumu: mwajiri mwema, mzigo wa kadiri, ubao mzima, na juu ya hayo hamali akateleza au akainama vibaya, mgongo ukaharibika. Hapa ndipo panapohitajiwa kutofautisha baina ya dhamana ya kuharibu, ambayo hadithi imeiondoa, na malipo yanayolazimu kwa njia nyingine.

Sheria za fidia ni jambo geni kwa umri. Ujerumani ilitunga yake mwaka 1884, Uingereza mwaka 1897, na katika bara hili zikaingia kwa mkono wa wakoloni. Kenya iliipata yake katika miaka ya 1940. Leo Kenya ina sheria ya mwaka 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithubutisha mwaka 2019 baada ya mvutano mrefu, na Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2008 iliyoleta mfuko ambao tangu 2015 waajiri huuchangia, wala mfanyakazi hakatwi senti katika mshahara wake. Zanzibar ina sheria yake. Asili ya zote ni moja: aliyeumia kazini na kwa sababu ya kazi hulipwa bila ya kutafutwa nani mwenye makosa, na yeye kwa upande wake hapati yote ambayo angeweza kuyapata lau angaliyathubutisha makosa mahakamani.

Mwajiri anapofungua ghala Mombasa au Dar es Salaam anaijua sheria hii kama anavyoijua kodi. Anaingia katika ijara macho yakiwa wazi, na jambo lililojulikana kwa ada ya mji huwa kama lililoshurutiwa. Na Mtume (S.A.W.) amewafunga Waislamu kwa masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Mshafii atasema, na ana haki ya kusema, kwamba madhhabi yake ni kali katika masharti, na kwamba malipo yasiyojulikana kiasi chake wala kama yatakuwapo yanaingiza gharari katika mapatano. Na aseme hivyo. Lakini aimalize kauli yake. Ijara ikifisidika, mwajiriwa aliyekwisha kufanya kazi hastahiki kurudi mikono mitupu, bali hustahiki ujira wa mithili. Na ujira wa mithili wa kazi ya khatari, katika mji ambao kila afanyaye kazi hiyo ana haki ya kutazamwa akiumia, haukamiliki kwa shilingi za siku peke yake. Tena wanavyuoni wa Kishafii waliokuja nyuma wametaja kwamba mtawala akiamrisha jambo la mubaha lenye maslaha ya watu wote, hufuatwa. Maslaha ya mtu asiombe barabarani baada ya kuwajengea wengine mali hayahitaji kutafutiwa ushahidi mrefu. Abu Yusuf amepokea katika Kitabu cha Kharaji kwamba Sayyidna Umar alimwona mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba, akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake, kisha akamtuma mtunza hazina amtazame yeye na mfano wake, kwa kuwa si insafu watu kula ujana wake kisha wamtupe uzeeni.

Wengine wameufananisha mfuko wa fidia na akila, ambao hubeba diya ya aliyeua kwa kukosea ili mzigo usimwangukie mtu mmoja. Mfano huu ni mzuri katika maana yake, lakini usipitishwe kipimo: kwa Imamu Shafii akila ni jamaa wa upande wa baba, na walioingiza watu wa daftari moja la kazi ni wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, kwa hujja ya divani ya Sayyidna Umar. Na wapo waogopao kwamba fedha hutoka kwa kampuni ya bima, na bima ya biashara imekatazwa na Majma ya Fiqhi ya Jedda katika mwaka 1985 kwa gharari iliyomo, ikaruhusiwa ile ya kusaidiana. Khofu hiyo ni njema, lakini si ya hamali kuibeba juu ya mgongo uliokwisha vunjika. Haki yake iko kwa mwajiri, na mwajiri ndiye atakayeulizwa aliitoa wapi.

Na ikiwa malipo yenyewe ni halali, je, mgongo una thamani katika sharia? Unayo, na imeandikwa. Katika barua ambayo Mtume (S.A.W.) aliwaandikia watu wa Yemen, akampa Amri bin Hazmi, na Nasai akaipokea, uti wa mgongo umetajwa kwa jina lake kuwa una diya. Wanavyuoni wa Kishafii wakabainisha kwamba ukivunjwa, mtu akawa hawezi tena kwenda kwa miguu, hulipiwa diya kamili, nayo ni ngamia 100. Na upungufu ulio chini ya hapo, ambao haukuwekewa kiasi, una hukuma: hukadiriwa mtu angalikuwa na thamani gani sokoni akiwa mzima, na gani akiwa na ila ile, na sehemu iliyopungua huchukuliwa katika diya. Soko hilo lilifungwa Unguja mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondoka, lakini hesabu imebaki. Kwani daktari wa leo atoaye cheti cha asilimia 10 au 30 hafanyi ila hesabu hiyo kwa njia nyingine. Katika sheria ya Kenya mtu aliyelemaa moja kwa moja hukadiriwa kwa mshahara wa miezi 96, na aliye chini ya hapo kwa asilimia yake. Apataye shilingi 20,000 kwa mwezi, akakadiriwa asilimia 10, hesabu yake ni 192,000. Diya ile ni ya aliyefanyiwa jinaya, hii ni ya aliyeumia bila ya kufanyiwa jinaya, wala zisichanganywe. Lakini asiambiwe mtu kuwa Uislamu haukupata kuuhesabu mgongo.

Hapa lazima kalamu igeuke upande wa pili, kwa kuwa mlango huu una wezi wake.

Maumivu ya mgongo hayana rangi. Mkono uliokatwika unaonekana, na mgongo hauonekani. Hata picha za hospitali haziamui. Uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2015 umeonyesha kwamba katika watu wasiokuwa na maumivu yoyote, visahani vilivyomo baina ya pingili vilikuwa vimechakaa kwa watu 37 katika kila 100 wa umri wa miaka 20, na kwa 96 katika kila 100 wa umri wa miaka 80. Basi yuko mwenye picha mbaya asiyeumwa na chochote, na yuko ambaye picha yake ni safi na usiku hageuki kitandani ila kwa kulia. Mwenye ghala asiwe mwepesi wa kusema mtu anajifanya kwa kuwa picha haikutoa kitu. Na hamali asiwe mwepesi wa kuipepea picha kana kwamba ni hati ya kadhi.

Wanavyuoni wa kale walikabili shida hii hii katika mtu adaiye kuwa amepoteza usikivu kwa kupigwa. Wakasema apigiwe ukelele katika usingizi au katika kughafilika, na akishituka ni mwongo, na asiposhituka huapishwa akapewa haki yake. Ona walivyochanganya: wakamjaribu bila ya kumdhalilisha, na baada ya majaribio wakamwachia kiapo. Daktari wa leo naye ana majaribio yake, huinua mguu, hugonga goti, huuliza neno lile lile kwa njia mbili. Baada ya hayo hubaki mtu na Mola wake. Mtume (S.A.W.) amewaonya wagombanao mbele yake kwamba yeye ni mwanaadamu, na huenda mmoja akawa fasihi zaidi wa hujja kuliko mwenziwe, akamhukumia, na atakayekatiwa kwa njia hiyo haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Hiyo ni hukumu ya Mtume mwenyewe. Vipi basi hukumu iliyopatikana kwa cheti cha kununua?

Na yajulikana kuwa wako madalali wakaao karibu na milango ya hospitali na viwanda, wakamfundisha mtu aseme ameanguka Jumatatu kazini, ilhali alianguka Jumapili akicheza mpira, kwa mapatano kwamba fedha zikija watagawana. Huyo mgonjwa ni mgonjwa kweli. Mgongo wake unauma kweli, na umasikini wake ni wa kweli. Uwongo ni siku tu na mahali. Wengi huidharau sehemu hii ndogo, nayo ndiyo inayoharamisha yote. Tena madhara yake hayaishii kwake, kwani kila dai la uwongo humfanya bwana amtazame hamali wa kesho kwa jicho la shaka. Kuna sura nyingine iliyo nyembamba: mtu alikuwa na ugonjwa wa mgongo wa zamani, kazi ikauzidisha. Huyu hakusema uwongo akidai, maadam ataitaja ile ya zamani wala hataificha. Na apewe kwa kadiri kazi ilivyomzidishia.

Sheria ya Kenya yataka mwajiri apewe khabari, kwa mdomo au kwa maandishi, naye aipeleke serikalini katika siku 7, na dai liletwe kabla ya kutimia miezi 12. Mahamali wengi hupotelewa na haki yao hapo hapo. Mtu husikia mshituko alasiri, akauona ni uchovu, akaenda zake, na asubuhi hawezi kushuka kitandani. Au alijua, akanyamaza, akichelea kwamba kibarua akilalamika kesho hataitwa. Na wenziwe walioona wakaulizwa, wakasema hawakuona kitu. Mwenyezi Mungu amemhukumu mwenye kuficha ushahidi kuwa moyo wake umeingia dhambini, wala hakumvua yule aogopaye kukosa kibarua. Ni kweli khofu hiyo si ya mchezo, na mtu mwenye watoto sita huiogopa njaa kabla ya kuogopa nyapara. Lakini watu 12 wakitoka pamoja kusema waliloliona, ni vigumu wote 12 wasiitwe.

Yako mengine yafanywayo na mabwana wanaohesabiwa kuwa ni watu wa kheri. Hamali akiumia humpa pesa ya dawa, humpeleka kwao kwa gari, humtumia kilo mbili za mchele, kisha karani hutoa karatasi hamali atie kidole gumba, kwamba amesamehe madai yote. Mchele ule una thawabu, na karatasi ile haina kitu. Madhhabi ya Shafii katika kauli yake mpya ni kwamba kumsamehe mtu haki isiyojulikana kiasi chake ni batili, na wakavua ngamia wa diya, kwa kuwa idadi yao na umri wao vimekwisha kujulikana. Hamali aliyetia kidole kabla ya daktari kumpima, asiyejua kuwa ana 10 wala 40 katika 100, amesamehe nini? Suluhu ni jambo jema, na wala haikukatazwa, ila na iwe baada ya kila mmoja kujua anachoacha. Na Mwenyezi Mungu, katika hadithi Kudsi aliyoipokea Bukhari, amemtaja aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake, kuwa ni mmoja wa watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama.

Limebaki suali moja, nalo huulizwa na wachamungu zaidi kuliko wengine: mtu amelipwa, kisha baada ya mwaka mgongo ukapona, je, arejeshe? Kilicholipwa kwa siku alizokuwa kitandani ni chake, kwani siku zile zilipita kweli wala hazirudi. Ama kilicholipwa kwa kulemaa kwa daima, wanavyuoni wamesema katika aliyelipwa diya ya usikivu, kisha usikivu ukamrejea, kwamba diya hurejeshwa, kwa kuwa imebainika haukuwa umepotea. Kwa kufuata kipimo hicho, aliyepona kabisa, akaweza kubeba alichokuwa akibeba zamani, na ampelekee khabari aliyemlipa, akiwa ni bwana au mfuko. Na aliyepona nusu, akawa anaweza kuuza duka lakini hawezi gunia, huyo hakupona kwa kazi yake, na kitu chake kibaki kwake. Na aliyelipa, baada ya kupata khabari ya aliyepona, akimwachia kwa ridhaa ya nafsi yake, mali hiyo imekuwa halali kwa hamali kuanzia saa ile.